Maudhi ya Dawa za Kifafa: Majibu kwa Yanayosemwa

Mtu akianza dawa za kifafa huku Matembwe, mkoani Njombe, washauri hawakosekani. Jirani ana lake, shangazi ana lake, na bodaboda anayempeleka kliniki naye ana lake. Sehemu ya wanayosema ni kweli, ndiyo maana yanaaminika. Dawa hizi zinaudhi. Zinasinzisha, zinatia kizunguzungu, zinavimbisha fizi, zinatetemesha mikono, na nyingine hugombana na dawa ambazo tayari zimo mwilini. Sina nia ya kumficha mgonjwa hata moja ya hayo. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba mwenye maudhi ana njia mbili tu, kuacha dawa au kunyamaza. Ipo ya tatu, nayo ni kurekebishiwa dawa. Karibu kila neno ninalolijibu hapa linaificha njia hiyo.

"Hizo dawa zinaua ubongo. Mtazame alivyozubaa."

Anayesema hivi ameona kitu. Ameona kijana mchangamfu akisinzia saa nne asubuhi katikati ya chai, kikapu mgongoni, vidole vikitafuta majani mawili na chipukizi polepole kuliko vya wenzake. Au ameona mtoto akiitwa ubaoni, akasimama tu. Dawa ambayo zahanati na vituo vyetu vya afya huanza nayo mara nyingi ni fenobabitoni, na fenobabitoni ilianza kama dawa ya usingizi. Mwaka 1912 daktari kijana wa Ujerumani, Alfred Hauptmann, aliwapa wagonjwa wake ili watulie usiku, akagundua kwamba wenye kifafa wamepunguza kuanguka hata mchana. Tangu hapo usingizi na kinga vimekuwa vikitoka katika kidonge kimoja.

Tena kidonge hicho hakitoki mwilini upesi. Kwa mtu mzima, nusu yake tu huchukua siku tatu, nne, au zaidi kuondoka. Dozi ya leo huikuta ya jana na ya juzi, na kiwango kwenye damu huendelea kupanda wiki mbili hadi tatu ndipo kitulie. Wiki hizo ndizo nzito kupita zote. Anayetoa hukumu siku ya kumi anaihukumu dawa ikiwa bado inapanda, na mwili wenyewe haujaizoea. Baada ya hapo wengi huchangamka. Asiyechangamka hajafika mwisho wa safari. Dozi yote inaweza kuhamishiwa usiku, kwa kuwa dawa hii hukaa mwilini mchana kutwa bila kuongezewa asubuhi. Inaweza kupunguzwa. Inaweza kubadilishwa kwa kabamazepini au nyingine.

Kwa watoto lipo jambo linaloshangaza wazazi wengi: mtoto mmoja fenobabitoni humlaza, mwingine humfanya asitulie, mkorofi, analia ovyo, halali. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mwenye kifafa aliye na ulemavu wa akili apewe kabamazepini au valproeti, endapo zipo, kuliko fenobabitoni au fenitoini. Mwalimu anayemchapa mtoto aliyebadilika tabia mwezi mmoja baada ya kuanza dawa anamwadhibu kwa kosa la kidonge. Mzazi aende shule aseme, kisha aende kliniki aseme hivyohivyo.

Na ubongo? Dozi sahihi haiuui. Mshtuko mrefu usiokatika ndio unaoweza kuuumiza.

Hapa huchomekwa neno jingine, kwamba fenobabitoni ni dawa ya maskini na wenye hela hupewa zenye nguvu. Mwaka 1991 yalichapishwa matokeo ya mradi wa Nakuru, Kenya, ambako wagonjwa 302 waligawanywa, wengine wakapewa fenobabitoni na wengine kabamazepini, na huduma ilitolewa na wahudumu wa kawaida wa afya ya msingi. Katika nusu ya pili ya mwaka zaidi ya nusu ya waliofuatiliwa hadi mwisho hawakuanguka kabisa. Kati ya dawa hizo mbili haikuonekana tofauti ya maana, si katika kuzuia kifafa wala katika maudhi. Kwa hiyo mtu hubadilishiwa dawa kwa sababu haimfai mwilini. Bei yake haituambii lolote kuhusu nguvu yake.

"Zikikuudhi, ziache kwanza uone."

Katika yote, hili ndilo linalozika watu. Ubongo uliozoea fenobabitoni kwa miezi ukinyang'anywa ghafla haurudi pale ulipokuwa kabla ya dawa, huchachamaa. Aliyekuwa akianguka mara moja kwa mwezi anaweza kuanguka mara kadhaa kwa siku moja, au kifafa kikaunganisha, mshtuko juu ya mshtuko, bila kuzinduka katikati. Mshtuko ukipita dakika tano, au ukirudi kabla mtu hajapata fahamu, hiyo ni dharura, atafutiwe gari papo hapo. Kinachoniuma ni tafsiri inayofuata nyumbani: "Mnaona? Dawa zimemwongezea." Kumbe ameumizwa na pengo lililoachwa na dawa, na familia sasa imepata sababu ya kutozirudia.

Ng'ambo ya bonde la Kilombero, kule Mahenge, wagonjwa 164 walifuatiliwa kwa miaka 30. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa huko karibu na mwaka 1960, akitumia hasa fenobabitoni, na zaidi ya nusu ya watu wake waliacha kuanguka kabisa. Mwaka 1992, yeye na Dkt. H. T. Rwiza walipochapisha habari za wagonjwa hao, 110 walikuwa wamefariki. Zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokana na kifafa chenyewe: kilichounganisha, maji, moto, au mtu kufa ndani ya mshtuko au mara tu baada yake. Siku zote ninapomsikia mtu akipima uzito wa kusinzia na kizunguzungu, hiyo ndiyo orodha ninayoiweka upande wa pili. Mafiga tunayo, na baridi ya Juni hutukalisha karibu nayo. Mito tunayo. Wapo wanaopanda miti na wanaoshika msumeno kila siku.

Kuna kuacha kwingine kusikotokana na ushauri wa mtu: vidonge vimeisha na nauli ya Njombe haipo, au dawa imekosekana kituoni. Huko nako ni kuacha ghafla. Mwenye vidonge vya wiki moja vilivyobaki bado ana nafasi ya kutuma mtu, kupiga simu, kuulizia Lupembe au Kibena. Mwenye kidonge kimoja hana.

Lipo jambo moja ambalo halingoji tarehe ya kliniki. Mtu aliyeanza dawa karibuni, hasa kabamazepini au fenitoini, na hata fenobabitoni, akitokwa na vipele mwilini, aonwe siku hiyohiyo. Vikiambatana na homa, vidonda mdomoni, macho mekundu au malengelenge, asimeze kidonge kingine. Aende hospitali sasa hivi, usiku au mchana, na bahasha ya dawa mkononi. Maudhi hayo ni ya nadra, hutokea zaidi katika wiki nane za mwanzo, na yanaweza kubandua ngozi kama iliyoungua. Hata hapo dawa haiachwi hivihivi. Huondolewa chini ya uangalizi, na nyingine huwekwa mahali pake.

"Vumilia, ni maudhi madogo madogo."

Hili halisemwi na majirani peke yao. Husemwa pia na watu waliovaa koti jeupe, foleni ikiwa ndefu na jua limeshapanda. Nalipinga kwa nguvu ileile ninayolipingia lililotangulia, kwa sababu lina mkono katika kulizaa. Mgonjwa aliyeambiwa avumilie mara mbili, mara ya tatu harudi.

Chukua fenitoini. Ini huisafisha kwa kasi yenye kikomo. Kikomo kikifikiwa, nyongeza ndogo ya dozi hupandisha kiwango cha damu kwa kishindo. Mtu aliyekuwa salama kwa vidonge vitatu huweza kulewa kwa vinne. Anayumba, macho yanachezacheza, ulimi mzito, anaona watu wawili pale aliposimama mmoja. Katika nchi ya pombe ya ulanzi, nani atasema huyu amezidiwa na dawa? Watasema amekunywa. Mke atasema, mwenyekiti wa kitongoji atasema, na mgonjwa mwenyewe ataona aibu kueleza. Kumbe hiyo si hali ya kuvumiliwa hata kidogo: ni dozi iliyozidi, na hushushwa. Fizi zinazovimba kwa fenitoini ni habari nyingine. Hazina mchawi, hupungua kwa kupiga mswaki sana na kwa kubadilisha dawa, na msichana aliyeanza kuota nywele usoni kwa sababu ya dawa hiyohiyo ana sababu tosha ya kuomba nyingine.

Kabamazepini nayo ina tabia yake. Mwanzoni hutia kizunguzungu na kuona maluweluwe, hasa ikianzwa kwa dozi kubwa. Ndiyo maana huanzwa kidogo na kupandishwa polepole. Baada ya wiki kadhaa ini hujifunza kuivunja upesi zaidi. Kizunguzungu hupungua, lakini kifafa huweza kurudi, na mgonjwa hudhani dawa imechuja. Haijachuja. Dozi inahitaji kuangaliwa upya.

Mtabibu akikujibu "vumilia", mpe kitu cha kushika. Daftari la shule la kurasa chache linatosha: tarehe, saa uliyomeza, saa uliyosinzia au kuyumba, siku uliyoanguka. "Najisikia vibaya" humpita mtu aliyechoka. "Kila siku saa tatu asubuhi, saa moja baada ya kidonge, naona watu wawili, hadi saa tano" haliwezi kumpita, kwa sababu lina jibu ndani yake: dozi ya asubuhi ni kubwa mno, igawanywe. Andika pia huzuni, hasira za ghafla, na mawazo ya kujidhuru. Dawa hizi huweza kuyaleta hayo, na ni maudhi kama yalivyo maudhi ya tumbo. Mawazo ya kujidhuru yakija, mwambie mtu siku hiyohiyo. Na madhara makubwa yaripotiwe kwa TMDA, mamlaka ya dawa, kupitia kituo chako. Hata mgonjwa mwenyewe anaruhusiwa kuripoti.

"Siku ya ulanzi ruka dawa, visikutane."

Kwa kifupi: hapana. Pombe na fenobabitoni zikikutana huzidishiana usingizi hadi kupumua kunaweza kufifia, na mwenye dawa hiyo anapaswa kuepuka pombe. Lakini anayeruka dawa ili anywe amejipa hatari mbili: dozi iliyokosekana, na pombe inayotoka mwilini alfajiri. Kifafa hupenda saa hiyo. Kinachorukwa ni ulanzi.

"Dawa ni dawa, haziingiliani."

Hapa pana jambo ambalo Njombe, kuliko mkoa wowote nchini, haina ruhusa ya kulipuuza. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022–2023, maambukizi ya virusi vya Ukimwi kwa watu wazima mkoani kwetu yalikuwa asilimia 12.7, ya juu kabisa Tanzania. Maana yake ni kwamba miongoni mwa wenye kifafa wapo wengi wanaohudhuria pia CTC, kliniki ya wenye virusi hivyo, na baadhi yao hawajaiambia kliniki moja habari za nyingine. Naijua aibu hiyo. Kila moja ya magonjwa haya mawili ina unyanyapaa wake, na mtu huchoka kuubeba wote mbele ya dirisha moja.

Lakini ini halijui aibu. Fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini huliamsha ini livunje dawa nyingine kwa kasi, na mojawapo ni dolutegraviri, nguzo ya kidonge kimoja cha ARV kinachotumiwa na wengi tangu 2019. Mtu anameza kila siku bila kukosa, na bado kiwango cha ARV kwenye damu kinashuka na virusi vinapata nafasi. Anaambiwa hafuati dozi. Anafuata! Kwa mwenye kabamazepini mwongozo upo: huongezewa dolutegraviri ya miligramu 50, saa kumi na mbili baada ya ile ya kwanza. Kwa fenitoini na fenobabitoni ushauri ni kuziepuka na kutafuta nyingine. Valproeti na levetirasetamu haziliamshi ini namna hiyo. Ya kwanza ina shida kubwa kwa wanawake, nitaisema, na ya pili ni ghali zaidi, si kila kituo kinayo, tena baadhi ya watu huwafanya wepesi wa hasira.

Mgongano huenda upande wa pili pia. Isoniazidi, ambayo wengi wa CTC hupewa kwa miezi kujikinga na kifua kikuu, hupunguza kasi ya kuvunjwa kwa fenitoini na kabamazepini. Mgonjwa aliyekuwa ametulia mwaka mzima anaanza kuyumba, na dozi yake ya kifafa haijaguswa. Erithromaisini iliyonunuliwa duka la dawa kwa ajili ya kifua huweza kufanya hivyohivyo kwa mwenye kabamazepini, ndani ya siku chache tu. Maudhi yasiyotarajiwa mara nyingi huja kwa njia hii: dawa ya zamani imekutana na mgeni. Kwa hiyo kila dirisha lioneshwe vidonge vyote, katika bahasha zake zilizoandikwa 1 x 2 au 1 x 1, pamoja na vya duka na vya mitishamba.

"Mwanamke mwenye kifafa akishika mimba, aache dawa amwokoe mtoto."

Mama mkwe anayesema hivi anamtakia mjukuu mema, na hofu yake haikutoka hewani. Valproeti ikitumiwa wakati wa ujauzito, karibu watoto 10 kati ya 100 huzaliwa na kasoro za mwili, ukilinganisha na wawili watatu katika mimba za kawaida. Mojawapo ni mgongo wazi. Tena 30 hadi 40 kati ya 100 huchelewa kukua kiakili au kupata matatizo ya kujifunza. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linasema wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa wasipewe valproeti. Msichana wa miaka 14 aliyeanzishiwa leo anakaribia umri huo. Swali la mimba liulizwe sasa, asingojwe mchumba.

Lakini dawa zote hazilingani, na kuacha ghafla mimba ikiwa tumboni ni hatari kwa wawili. Mshtuko mkubwa humkosesha mtoto hewa, na mama akianguka juu ya moto au juu ya tumbo lake hakuna dawa yenye madhara yanayofanana na hayo. Mwenye mimba aliye kwenye valproeti aonwe na daktari upesi, siku hizohizo, bila kuacha mwenyewe. Bora zaidi ni kusema kabla: tunataka mtoto mwakani. Hapo dawa hubadilishwa kwa nafasi, dozi hushushwa hadi ile ndogo inayotosha, na vidonge vya foliki huanzwa kabla mimba haijatunga, kwa maana mgongo wa mtoto hufungwa katika wiki za mwanzo ambazo mama wengi hawajajua. Kunyonyesha huendelea, ila kwa mwenye fenobabitoni, mtoto anayelala mno na kunyonya kwa uvivu aonwe.

Na wale wasiotaka mimba kwa sasa? Huku ndiko kuna mshangao mkubwa kuliko wote. Ini lililoamshwa na fenobabitoni, fenitoini au kabamazepini huvunja pia homoni za vijiti na za vidonge vya uzazi wa mpango. Mwanamke ana kijiti mkononi, hakijaisha muda wake, na anashika mimba. Nyumbani anatuhumiwa kukitoa kwa siri. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi haviathiriwi hivyo, na nesi wa uzazi wa mpango hawezi kumwelekeza huko kama hajaambiwa kwamba anatumia dawa za kifafa.

"Dawa za asili hazina madhara."

Hazina madhara yaliyoandikwa. Tunajua fenitoini huvimbisha fizi kwa sababu watu wamehesabiwa na kuchunguzwa tangu ilipoanza kutumika mwaka 1938. Mzizi uliochemshwa hauna dozi inayojulikana, na mgonjwa akitapika au kuzirai hakuna anayeandika popote. Simchukii mganga, mara nyingi ndiye pekee aliyemsikiliza mgonjwa bila haraka, na kliniki zingefanya vyema kuiga hilo. Ninachoomba ni kwamba asimwambie mtu atupe vidonge ndipo tiba yake ifanye kazi.

"Ukishazianza, ni za maisha."

Kwa wengine ni kweli, kwa wengi si lazima. Mtu akikaa miaka miwili bila kuanguka hata mara moja, mtabibu anaweza kukaa naye na familia wakafikiria kuzipunguza, wakitazama chanzo cha kifafa chake, kazi anayofanya, na kama kipimo cha ubongo kipo na kinasemaje. Hupunguzwa kwa hatua, kwa muda wa miezi miwili au zaidi, na fenobabitoni polepole kuliko nyingine. Katika miezi hiyo asipande mti, asiendeshe pikipiki, asioge mtoni peke yake, na anayepika naye jikoni ajue. Akianguka, dozi hurudishwa pale ilipokuwa, na baadaye wanaweza kujaribu tena.